Bibi Salme: Binti Sultani Aliyezikwa na Mchanga wa Kwao

WATU wengi huijua thamani ya nyumba yao siku wanapoihama. Kijana anapofungasha mizigo huchagua nguo nzuri, fedha na vitu vya bei, kisha kile kidude cha utotoni hukiacha nyuma. Huwapa wadogo zake, ama hukitupa jaani. Miaka thelathini ikipita, zile fedha zimekwisha tumika na zile nguo zimekwisha raruka, na moyo hautamani kingine ila kile kidude. Hapo ndipo mtu anapotambua kwamba hakuna duka kinakouzwa.

Katika historia ya pwani ya Afrika Mashariki ni shida kumpata mtu ambaye maisha yake yanalionyesha jambo hili waziwazi kama Bibi Salme binti Said wa Unguja. Wengi wetu tunamjua kuwa ni yule binti Sultani aliyetoroka na Mzungu. Kisa hicho kimesimuliwa sana barazani, wengine wakimlaumu, wengine wakimhurumia. Leo, ndugu msomaji, hebu tumtazame kwa upande mwingine: mtu aliyepoteza kila kumbukumbu ya ujana wake, akaijutia, na akapata njia moja tu ya kuirudisha.

AZALIWA MTONI

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika kasri ya Mtoni, iliyo ufukweni kaskazini ya mji wa Unguja. Babake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyeyahamisha makao yake kutoka Muscat na kuyaleta Unguja. Mamake, Bibi Jilfidan, alikuwa suria wa Seyyid Said, mzaliwa wa nchi ya Circassia karibu na Bahari Nyeusi.

Bibi Jilfidan mwenyewe hakuwa na kitu hata kimoja cha utoto wake. Alikuwa mtoto wa mkulima. Vita vilipozuka kwao alinyang'anywa wazazi, akatengwa na kaka yake na dada yake, akauzwa. Alipofika katika nyumba ya Seyyid Said alikuwa bado mtoto mdogo wa miaka saba au minane hivi. Ndugu zake hakuwaona tena maishani. Basi Salme alilelewa na mama aliyekwisha onja mapema uchungu ambao binti angekuja kuuonja ukubwani.

Kasri ya Mtoni ilikuwa kama mji mdogo. Salme alikuja kuandika kwamba watu walioishi humo, pamoja na watumishi na watumwa, walikaribia elfu moja. Uani walitembea tausi, paa, kanga, mabata na mbuni, na watoto wakikimbia katikati yao. Palikuwa na safu ya vyumba vya kuogea, miembe mikubwa, na kijito cha maji matamu kilichoipa nyumba jina lake, kikipita pale na kuingia baharini. Mbele ya nyumba palijengwa roshani kubwa ya mviringo, ya mbao, iliyoelekea bahari. Hapo Seyyid Said alikuwa akitembea taratibu huku na huku, kichwa amekiinamisha, akiwaza mambo ya dola yake, ama akinywa kahawa na jamaa zake huku merikebu zake zikielea mbele ya macho.

Katika utajiri wote huo, kitu alichokipenda Salme kuliko vyote kilikuwa mashua zake ndogo za kuchezea. Zilichongwa kwa ustadi, na alizielea katika maji ya Mtoni pamoja na ndugu zake.

Mnamo mwaka wa 1851, Salme alipokuwa na umri wa miaka saba, Seyyid Majid, mmoja wa kaka zake wakubwa, alipewa nyumba yake mwenyewe mjini, iliyoitwa Bet il Watoro. Mama yake Majid, Bibi Sara, alikuwa Mcircassia pia na rafiki mkubwa wa Bibi Jilfidan. Wawili hao walikuwa wameahidiana kwamba atakayetangulia kufariki, mwenzake atawalea watoto wa marehemu. Bibi Sara akatangulia. Kwa hiyo Bibi Jilfidan alihamia mjini pamoja na Majid, naye Salme akafuata.

Swali lililomsumbua mtoto huyo halikuwa la nyumba wala la watu. Aliwaza atazielea wapi mashua zake, maana kule mjini hapakuwa na mto. Mamake, ambaye kwa ukarimu alikuwa tayari kugawa chochote alichokuwa nacho, alimshauri awaachie ndugu zake waliobaki Mtoni. Salme alishindwa kabisa kuikubali rai hiyo. Ameandika kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kujihisi hana furaha. Mtu mzima anaweza kulicheka jambo hilo. Lakini tazama: Salme aliyaandika haya akiwa mama wa watoto watatu, mjane katika nchi ya baridi, baada ya kufiwa na wazazi, mume na mtoto wa kwanza. Na bado mashua zile alikuwa hajazisahau.

KUANDIKA KWA SIRI

Huko Bet il Watoro Salme alikuwa mpweke mwanzoni, kisha akazoea. Majid alimpenda, akamruhusu michezo ambayo mabinti wengine hawakuruhusiwa, ikiwa ni pamoja na kulenga shabaha na kushindanisha majogoo. Lakini jambo kubwa alilolifanya katika ujana wake alilifanya peke yake.

Wakati huo mabinti walifundishwa kusoma Kurani tu. Kuandika hawakufundishwa, kwani ilidhaniwa kwamba msichana akijua kuandika atakuwa na siri. Salme akauchukua msahafu na mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi wa zama hizo, akawa ananakili herufi moja moja kwa siri mpaka mkono wake ukakubali. Ujuzi huo ulimwingiza matatani baadaye, na ujuzi huo huo ndio uliomwokoa.

Mnamo Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirejea kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka kumi na miwili. Alihesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa fungu lake la urithi: shamba lenye nyumba, pamoja na fedha zaidi ya pauni 5,000. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kiliingia Unguja na kumchukua Bibi Jilfidan. Binti wa miaka kumi na mitano akabaki na mashamba matatu, na hana baba wala mama.

Mwaka huo huo wa 1859 ndugu waligombana. Seyyid Barghash alitaka kumpindua Seyyid Majid aliyerithi utawala wa Unguja. Salme, kwa kuvutwa na dada yake Khole, aliingia upande wa Barghash. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa karani wa njama hiyo, akawa anaandika barua za siri kwa wakubwa waliowaunga mkono. Njama ikashindwa baada ya Waingereza kumsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Damu ilikuwa imemwagika, na ile jamaa kubwa ya Mtoni haikuwa tena jamaa moja. Salme akaenda kukaa katika mashamba yake ya Kisimbani, kisha Bububu. Baadaye alipatana na Majid, na kwa sababu hiyo akachukiwa na Barghash na Khole. Ama kweli, ndugu wakigombana, anayesimama katikati hupigwa na pande zote mbili.

USIKU WA MWAKA

Aliporudi kukaa mjini, jirani yake alikuwa mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, jina lake Rudolph Heinrich Ruete. Nyumba zao zilikaribiana, wakazoeana, na urafiki ukageuka mapenzi. Mnamo mwaka wa 1866 Salme alikuwa mja mzito. Kwa sheria na desturi za nchi, hatari iliyomkabili haikuwa ndogo.

Usiku mmoja wa Agosti mwaka huo, wakati wa sherehe za Mwaka ambapo wanawake huteremka pwani kuoga, Salme aliteremka nao. Hakurudi nyumbani. Aliingia katika mashua iliyokuwa ikimngoja, akapelekwa katika manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, na manowari ikang'oa nanga kuelekea Aden. Mtu anayeondoka namna hiyo hapati nafasi ya kupita chumba hadi chumba akitazama aache nini na achukue nini. Nyumba, mashamba, makaburi ya wazazi wake na kila kona aliyochezea, vyote vilibaki nyuma katika usiku mmoja.

Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume. Mnamo tarehe 30 Mei, 1867, baada ya Ruete kufika, Salme alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo. Wakasafiri kwenda Ulaya, na mtoto wao mchanga akafariki njiani wakiwa Ufaransa. Hivyo ndivyo Bibi Salme alivyoingia Hamburg: na jina jipya, dini mpya, nguo zilizombana, na kilio mikononi.

Mwanzoni yeye na mumewe walizungumza Kiswahili nyumbani, na hicho kikawa kipande kidogo cha Unguja ndani ya mji wa mawe na theluji. Wakajaliwa watoto watatu, Antonie, Rudolph na Rosalie, na kila mmoja akapewa pia jina la kwao mama: Thawka, Said na Ghuza. Mwanamke aliyenyang'anywa kila kitu cha ujana wake aliwavisha watoto majina hayo, ambayo hayahitaji sanduku wala hayaliwi na mchwa.

Lakini raha haikudumu. Mnamo Agosti 1870 mumewe aliumia katika ajali ya tramu akafariki. Kitinda mimba hakuwa ametimiza hata miezi minne. Miezi miwili baadaye Majid naye akafariki huko Unguja, na Barghash akashika utawala. Kwa Barghash, Salme hakuwa na haki tena. Alikuwa ametoka katika dini, na mrithi wa namna hiyo harithi. Bibi aliyezaliwa katika nyumba ya watu elfu moja akawa anahama mji hata mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha lugha ili watoto wapate mkate.

Mwaka wa 1875 Barghash alizuru London. Salme akafunga safari kwenda kumwona, akiwa na matumaini kwamba damu ni nzito kuliko maji. Wakubwa wa Uingereza walimshawishi aache, kwa ahadi kwamba watoto wake wangesaidiwa. Aliacha, na ahadi haikutimizwa.

MTONI IMEANGUKA

Mnamo Agosti 1885, baada ya miaka kumi na tisa, Bibi Salme aliiona Unguja tena. Hakuja kwa heri. Aliletwa na watoto wake katika msafara wa manowari za Kijerumani, wakati Ujerumani ilipokuwa ikimlazimisha Barghash akubali madai yake huko bara na kule Witu, katika pwani ya Kenya ya leo. Dai la urithi wa Salme lilikuwa fimbo nyingine ya kumtishia Sultani. Barghash hakukubali kumwona. Lakini watu wa mji walimtambua barabarani, wakamfuata na kumwamkia.

Alikwenda Mtoni. Huenda katika fikira zake nyumba ile ilikuwa bado imesimama kama alivyoiacha, maana ndivyo moyo unavyozihifadhi nyumba za utotoni. Alikuta magofu. Ngazi moja ilikuwa imetoweka kabisa, na ya pili imefunikwa na majani, haipandiki bila hatari. Zaidi ya nusu ya nyumba ilikuwa imeanguka, hapana aliyeondoa kifusi. Vile vyumba vya kuogea vilivyojaa vicheko zamani vilikuwa vimeporomoka. Watoto wake, waliosimuliwa habari za Mtoni tangu wakiwa wadogo, walisimama naye wakitazama kuta. Angewaonyesha nini? Hapakuwa na kitu cha kushika mkononi na kusema hiki nilikichezea nikiwa kama ninyi.

Tena ikumbukwe kwamba mwenye kuibomoa Mtoni hakuwa adui kutoka nje. Waliiacha wenyewe. Warithi wa Seyyid Said walijijengea majumba mapya, na ya zamani wakayaachia mvua. Baadaye, tarehe 27 Agosti, 1896, mizinga ya manowari za Kiingereza iliyabomoa baadhi ya majumba ya mjini pia, katika vita vilivyodumu chini ya saa moja.

NJIA MOJA ILIYOBAKI

Miaka kadhaa kabla ya safari hiyo, Bibi Salme aliugua, akadhani hataishi kuwaona wanawe wakikua. Ndipo alipoanza kuwaandikia habari za ujana wake. Hakukusudia kuwaandikia walimwengu. Alitaka watoto wake wajue mama yao alitoka wapi. Ule mkono uliojifunza kwa siri juu ya mfupa wa ngamia ukaanza kuijenga Mtoni upya: vyumba, vyakula, sikukuu, mavazi, ugomvi wa masuria, hatua za baba katika roshani, na zile mashua ndogo. Maandishi hayo yalichapishwa kwa Kijerumani mjini Berlin mwaka wa 1886, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka wa 1888. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya maisha ya mwandishi mwenyewe kuandikwa na mwanamke wa Kiarabu.

Haifai kumsifu bila kusema na upande wa pili. Katika kitabu hicho Bibi Salme aliutetea utumwa, akidai kwamba hali ya watumwa Unguja haikuwa mbaya kama Wazungu walivyosema. Hapo alikosea. Karafuu zilizoipamba Mtoni zilichumwa na watu walionyakuliwa kutoka Nyasa, Manyema na kwingineko, nao pia walikuwa na nyumba walizozaliwa, na vitu vya utotoni walivyoviacha katika majivu ya vijiji vyao. Mama yake mwenyewe alikuwa mmoja wa walionyang'anywa. La kusikitisha ni kwamba binti alihesabu kwa uangalifu vyote alivyovipoteza yeye, na hakuweza kuhesabu walivyopoteza wale waliomhudumia. Wao hawakuwa na mfupa wa ngamia wala msahafu wa kunakilia, na majina ya wengi wao yamekwenda nao kaburini.

Barghash alifariki mwaka wa 1888. Salme akarudi Unguja mwaka huo kujaribu bahati yake kwa Sultani mpya, Seyyid Khalifa, lakini akaambulia patupu. Hakurudi tena kuishi Ujerumani kwa muda mrefu. Alikaa Jaffa, kisha Beirut, mahali ambapo angalau aliusikia mwadhini na lugha ya baba yake. Mwaka wa 1914 alirejea Ujerumani, na katika uzee wake ndipo serikali ya Unguja, wakati wa Seyyid Khalifa bin Harub, ilipomkubalia pensheni ndogo. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari, 1924, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, akazikwa kando ya mumewe katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg.

Walioandika habari za maisha yake wanasimulia kwamba alikuwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokiweka miaka yote hiyo, na kwamba mchanga huo ulitiwa kaburini pamoja naye. Mchanga hauna bei. Mtoto anayecheza pale Mtoni huukanyaga kutwa asiutazame. Lakini mwanamke aliyewahi kumiliki mashamba matatu ya Unguja, baada ya kudai urithi wake kwa miaka mingi asiupate, hicho ndicho kipande cha kwao kilichobaki mkononi mwake.

Mwanawe, Rudolph Said, alirithi hima ya mama ya kuhifadhi. Aliandika kitabu cha maisha ya babu yake, Seyyid Said, kilichotoka London mwaka wa 1929, na mkusanyiko wake wa vitabu na maandishi ukawekwa Leiden, Uholanzi. Humo zilihifadhiwa pia barua ndefu ambazo Bibi Salme alimwandikia rafiki wa Unguja kueleza maisha yake ya ugenini. Barua hizo zilichapishwa kwa Kiingereza mwaka wa 1993. Mwaka uliofuata jumba la zamani la masultani katika Mji Mkongwe lilifanywa makumbusho, na chumba kimoja kikatengwa kwa ajili yake. Hivyo binti aliyefungiwa mlango na ndugu zake aliingizwa tena nyumbani na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Bibi Salme hakuwa na nafasi ya kuchagua mbacha wake usiku ule wa Mwaka, na hata akina Barghash waliobaki Unguja hawakuutunza wao. Majuto yake hayakuirudisha Mtoni, wala hayakuzirudisha mashua. Kilichozirudisha ni kuandika, naye aliwahi kufanya hivyo wakati kumbukumbu zingali na uhai. Katika nyumba nyingi za kwetu bado yupo bibi au babu anayejua ile bangili ilikuwa ya nani, kile kigoda kilichongwa na nani, na aliyesimama kushoto katika ile picha iliyofifia ni nani. Akiondoka kabla hatujamwuliza, tutabaki na bangili, kigoda na picha, navyo vitakuwa vyombo tu kama vyombo vingine.